Piaggio MP3 530: Pikipiki Isiyodai Mguu Chini

Jamani, imesimama! Taa nyekundu, miguu yangu yote miwili iko juu, mikono nimeikunja kifuani kama mwenyekiti wa kikao, na chombo chenye uzito unaozidi kilo 250 hakitikisiki hata kidogo. Dereva wa teksi pembeni amenikodolea macho. Acha akodoe!

Hii ni MP3 530 hpe Exclusive, iliyotoka 2022. Kama goti au nyonga imeanza kukunong'oneza uuze pikipiki, usiuze kwanza.

Najua, ukiona magurudumu matatu unasema bajaji. Na kweli Piaggio ndio hao hao wanaotengeneza Ape tangu 1948. Ila undugu unaishia hapo, maana bajaji hailali kwenye kona na hii inalala! Magurudumu mawili ya mbele yameshikwa na mikono minne ya alumini iliyoungwa kwa umbo la msambamba, hivyo kila gurudumu linapanda na kushuka kivyake huku yote mawili yakiinama pamoja nawe. Ile MP3 ya kwanza ya 2006 ilitangazwa kuinama hadi nyuzi 40. Unaingia kona, bega linashuka, tumbo linacheka. Ni pikipiki, bwana! Na kwa kuwa mbele tairi mbili zimeng'ang'ania lami, reli za tramu zilizolowa hazikutoi roho tena.

Watu hudhani mzee huacha pikipiki kwa sababu mwendo umemshinda. Wapi! Ikishashika mwendo, pikipiki hujisimamia. Balaa ni kusimama: kwenye taa, kwenye foleni, kituo cha mafuta, maegesho yenye mteremko. Hapo uzito wote unaegemea mguu mmoja, na mara nyingi ndio ule ule unaouma. Waliobuni hii wameligusa donda lenyewe. Unapokaribia kusimama unaachia mafuta, unabonyeza swichi kwenye usukani, mota ya umeme inakaza haidroliki, na mfumo wa kuinama unafungwa pamoja na shokapu za mbele. Ukivuta mafuta kuondoka, unajifungua wenyewe. Sikuamini. Nikarudia. Nikarudia tena kwa raha zangu tu, hadi walionifuata nyuma wakaanza kupiga honi.

Lakini lishike hili: kufuli hufunga kwa pembe ile ile liliyoikuta. Ukibonyeza ikiwa imeinama kushoto, itabaki imeinama kushoto. Inyooshe kwanza, ndipo ufunge. Jizoeze kwenye uwanja mtupu kabla hujaingia mjini.

Halafu rivasi! Pikipiki yenye rivasi, na kamera ya nyuma inayokuonyesha njia kwenye skrini ya inchi 7. Asiyeweza kuisukuma kwa miguu kutoka maegeshoni hana haja ya kuomba msaada kwa mpita njia. Klachi hakuna, gia za kukanyaga hakuna, kwa hiyo aliyekatwa mguu wa kushoto hakosi kitu cha kuendeshea. Breki ya kuegeshea ipo. Injini ina nguvu farasi 44, na barabara kuu haikuonei.

Kasoro? Kufuli halikusaidii kupanda. Kiti ni kipana, na lazima uvushe mguu. Asiyeweza kabisa kuuinua bado hajapata jibu lake hapa.

Wengine wamelikabili tatizo la kusimama kwa njia zao. Honda walionyesha Riding Assist huko Las Vegas mwaka 2017, pikipiki ya magurudumu mawili inayojisawazisha yenyewe kwa kuchezesha gurudumu la mbele. Nilipoitazama kwenye video nilipiga kelele, lakini yalikuwa maonyesho, si bidhaa ya dukani. Wapo wanaobadilisha nyuma nzima na kufunga ekseli ya magurudumu mawili. Haianguki, sawa, ila raha ya kulala kona imezikwa. Marekani kuna LegUp, vigurudumu vya pembeni vinavyoshuka mwendo ukipungua na kupanda ukishika kasi. Hicho kinamfaa mwenye Harley yake ya miaka mingi ambaye hata umpe nini haiachi.

Mimi sina Harley ya kuilinda. Pesa yangu naiweka kwenye hii ya Waitaliano, na rangi wanipe yoyote waliyo nayo!