Uso Uliotoweka, Chombo Kilichopatikana: Jinsi Picha za Mirihi Zinavyopimwa

Tarehe 25 Julai 1976, chombo cha Viking 1 kilikuwa kikiizunguka sayari ya Mirihi kutafuta mahali pa kutua mwenzake, Viking 2. Katika eneo la Cydonia kilipiga picha ya kilima kilichofanana na uso wa mtu, wenye macho, pua na mdomo. Januari 2015, watafiti walitangaza kwamba picha za chombo kingine zimekionyesha Beagle 2, chombo cha Uingereza kilichopotea Mirihi siku ya Krismasi mwaka 2003. Kilima kile kina urefu wa zaidi ya kilomita 2, lakini uso wake ulitoweka. Beagle 2 hakifiki mita 2, nacho kikathibitika. Njia iliyouondoa uso ndiyo iliyokirudisha chombo, na ina hatua ambazo yeyote anaweza kuzifuata.

Hatua ya kwanza ni kuuliza nukta moja ya picha inabeba ardhi kiasi gani. Katika picha ya Viking, kila nukta ilifunika takriban mita 47 kwa mita 47. Ichukue kamera hiyo uielekeze kwenye Bandari ya Dar es Salaam. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12.2 na upana wa mita 2.44, kwa hiyo makontena zaidi ya 70 yaliyopangwa sakafuni yangeingia ndani ya nukta moja. Daraja la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lingekuwa mstari wa nukta 14 hivi. Hakuna ambaye angeweza kuapa kwamba lile ni daraja. Sasa chukua kamera ya HiRISE, iliyoko kwenye chombo cha Mars Reconnaissance Orbiter kilichofika Mirihi Machi 2006. Nukta yake ni sentimita 25 hadi 30. Kontena lilelile lingechukua nukta zaidi ya 40 kwa urefu, na ungeweza kuyahesabu makontena gatini moja baada ya jingine.

Hatua ya pili ni jua. Picha ya Cydonia ilipigwa jua likiwa nyuzi 20 tu juu ya upeo wa macho. Dar es Salaam jua hufika hapo karibu saa mbili asubuhi. Saa hiyo jengo la mita 100 pale Kariakoo hulaza kivuli cha mita 275, kinachofunika mapaa ya nyumba za chini zilizobanana nalo. Jua likifika nyuzi 70, kivuli hicho hubaki mita 36. Picha mbili za mtaa uleule, zilizopigwa siku moja, zinaweza kuonekana kama za miji miwili. Katika kilima cha Cydonia, sehemu kubwa ya kilichoitwa jicho na mdomo ilikuwa kivuli cha namna hiyo. Upande linakotoka jua nao lazima ujulikane, kwa sababu mtazamaji anayedhani mwanga unatoka juu ya picha wakati unatoka chini ataliona shimo kama kilima.

Hatua ya tatu ni kutenganisha ardhi na hitilafu. Data za Viking zilisafiri kwa redio, na baadhi zilipotea njiani zikaacha vidoa vyeusi kwenye picha. Kimoja kiliangukia pale penye pua, watu wakakiona kama tundu lake. Tatizo hili lingalipo: picha iliyobanwa ili ipite kwenye simu, kisha ikakuzwa, huzaa miraba na mistari iliyonyooka ambayo haipo Mirihi. Kwa hiyo uchambuzi huanzia kwenye faili la asili.

Baada ya hapo ndipo inapohitajika picha nyingine, chini ya jua jingine. Aprili 1998 chombo cha Mars Global Surveyor kilikipiga picha kilima kile kwa nukta za mita 4.3. Uso haukuwepo, ila wapo waliosema ukungu umeuficha. Tarehe 8 Aprili 2001 kilirudia katika anga safi, kwa nukta za mita 1.56, na kipimo chake cha leza kilitoa urefu wa miinuko. Vipimo vilionyesha kilima cha kawaida chenye kichwa bapa.

Kwa Beagle 2 mambo yalikwenda kinyume. Michael Croon wa Trier, Ujerumani, aliyewahi kuwa katika timu ya uendeshaji wa Mars Express, chombo kilichokibeba Beagle 2, aliomba HiRISE ielekezwe Isidis Planitia, tambarare kilikokusudiwa kutua, kisha akazipekua picha. Alichokiona kilikuwa nukta chache tu, pungufu mno kuliko zile za uso wa Cydonia. Lakini wahandisi walijua kabla ya kutafuta kwamba ukubwa wake ni upi, na kwamba parashuti na kifuniko vinapaswa kuwa karibu. Vyote vilioana, ndani ya kilomita 5 za mahali palipokusudiwa. Jua lilipobadilika kati ya picha na picha, mng'ao ulihama kidogo, kama unavyotazamiwa kwenye paneli zilizofunguka. Ilionekana pia kwamba huenda si paneli zote zilizofunguka, na hilo lingeeleza ukimya wa chombo, maana antena ilikuwa chini ya paneli.

Hapa ndipo penye tofauti kubwa. Uso ulibuniwa baada ya picha kutazamwa. Vipimo vya Beagle 2 vilikuwepo kabla ya picha kupigwa.

Duniani tuna msaada mmoja zaidi, nao ni miguu. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 kwa ajili ya kukabili mafuriko, ulitumia picha za ndege zisizo na rubani, lakini wanafunzi na wakazi walipita mitaani kuhakiki kilichoonekana. Mirihi hakuna wa kupita kwa miguu, ndiyo maana picha ya pili na kipimo cha mwinuko havikwepeki.

Basi anayetumiwa picha ya ajabu ya Mirihi aulize namba yake, ukubwa wa nukta, nyuzi za jua na picha nyingine ya pale pale. Kumbukumbu za HiRISE ziko wazi kwa wote, na tangu 2010 mtu yeyote anaweza kupendekeza mahali pa kupigwa picha, akieleza sababu ya kisayansi. Anayeanza kwa kuandika anachotarajia kukipima, awe Trier au Kariakoo, anafanya kazi ya mtafiti.