Msuko wa Mkeka na Msuko wa Riwaya

Katika uhakiki wetu wa Kiswahili hakuna neno linalotumika ovyo kama msuko. Tunaandika "msuko wa matukio umekaa vizuri", tunapata alama zetu, mambo yamekwisha. Lakini kusuka ni kazi ya watu, na watu hao wapo. Makala hii inadai kwamba mwandishi chipukizi na mhakiki wa Dar es Salaam wana mengi ya kujifunza kwa wasukaji ambao mikeka yao inauzwa Kariakoo na, kila Julai, katika maonyesho ya Sabasaba kule barabara ya Kilwa.

Hebu tuangalie kazi yenyewe. Ukindu huanikwa, huchanwa, na sehemu yake hutiwa rangi kwa kuchemshwa. Yote haya hufanyika kabla ya kusuka. Kisha chane husukwa kuwa ukili, yaani utepe mwembamba na mrefu, na ukili hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka upate upana wake. Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, ua la mkeka halikubandikwa juu. Ukizichomoa chane za rangi ili uliondoe ua, mkeka wote unafumuka, maana ndizo zinazozishika zile zisizotiwa rangi. Pili, ufundi hauonekani katika ukili mmoja tu. Unaonekana kwenye mshono, pale ua la upande huu linapokutana na la upande wa pili, au linaposhindwa kukutana.

Jambo la kwanza linagusa ule mjadala wa fani na maudhui usiokwisha. Wapo waliotupa mfano wa kikombe na chai. Wengine wakaja na pande mbili za sarafu. Kikombe, jamani, unaweza kukimwaga kikabaki kikombe. Sarafu ni afadhali, lakini pande zake haziingiliani hata kidogo. Mkeka unatufaa zaidi: rangi imo ndani ya msuko, na msuko hauonekani bila rangi.

Jambo la pili linahusu muundo. Tumezoea kubandika lebo: huu ni msago, huu rejea, huu rukia, basi. Kwa Rosa Mistika (1971) ya Kezilahabi lebo inatosha kiasi, kwa sababu maisha ya Rosa yanafuatana kama ukili mmoja mrefu. Ukifika kwenye Nagona (1990), ya mwandishi huyohuyo, lebo inakwama. Wenzetu wengi husema eti haina msuko. Nadhani wanatafuta ukili mmoja wakati kazi imo kwenye mishono: safari ya "mimi", ndoto, mazungumzo na wanafalsafa, vyote vimewekwa ubavu kwa ubavu, na msomaji ndiye anayepaswa kuona ua linapokutana. Vivyo hivyo katika Lina Ubani (1984) ya Penina Muhando, ambamo ngano ya jadi inasimuliwa ndani ya mchezo kuhusu jamii iliyotoka katika vita vya Kagera. Swali la maana hapo si "je, kuna fasihi simulizi?" Swali ni: ngano imeshonwaje na mchezo, na mshono unashika?

Hapa ndipo miswada yetu ya wanafunzi inapoumbuka. Methali na misemo ya kanga hubandikwa mwishoni ili hadithi ionekane ya Kiswahili. Visa navyo ni vilevile: msichana katoka kijijini, kaharibikiwa mjini, anajuta. Kariakoo hiyohiyo ina mikeka ya plastiki ya kiwandani, ua moja kwa mamia ya mikeka. Ni rahisi, inafulika, na anayeinunua simlaumu. Ila mwandishi anayetoa ua la kiwandani hana sababu ya kujiita msanii.

Atatokea wa kusema kwamba mkeka haupingi dhuluma, na kwamba kumtazama msukaji ni kuikimbia siasa. Sikubali. Kazi hii kwa sehemu kubwa ni ya wanawake, nasi tunaiita "kazi ya mikono" huku yetu tukiiita "sanaa". Kisha tunafika pale barabarani tunamlalia mama wa watu bei, ilhali jioni tunaandika insha kuhusu ukombozi wa mwanamke. Dhuluma gani iliyo karibu zaidi na pua zetu?

Kwa hiyo, kabla hatujajibu tena lile swali la "jadili msuko wa riwaya uliyosoma", twende tukakae na anayesuka, tumwulize kwa nini ameanza na rangi hii na hufanya nini ua likikataa kukutana. Na mkeka tukiupenda, tulipe bei aliyoitaja.