Nani Alilipia Uhai Huu?

Pushing Daisies iliporudi ABC mnamo Oktoba 2008, ilikuwa imekaa kimya takriban miezi kumi. Mgomo wa waandishi wa Hollywood ulikuwa umeukata msimu wa kwanza ukiwa na sehemu 9 tu. Wengi walifurahia kuziona tena zile rangi za pipi, pai, na sauti ya msimulizi Jim Dale. Mimi nilikuwa nasubiri deni.

Sharti la Bryan Fuller, aliyeibuni tamthilia hii, ni jepesi kueleza. Ned, mwokaji wa pai, akimgusa maiti, maiti anafufuka. Akimgusa tena, amekufa moja kwa moja. Aliyefufuka akipitisha dakika moja, kiumbe mwingine aliye karibu hufa badala yake. Ned aligundua hilo utotoni: alimfufua mama yake, na ng'ambo ya barabara baba yake Chuck akaanguka akafa. Miaka mingi baadaye anamfufua Chuck mwenyewe, msichana ampendaye, na safari hii anayelipa ni msimamizi wa mazishi aliyekuwa akiwaibia marehemu. Nani atamlilia mwizi wa maiti?

Hapo ndipo ninapogombana na msimu wa kwanza. Unatupa mapenzi yasiyogusana, matamu kwelikweli (Lee Pace na Anna Friel wanatazamana kama watu wenye njaa), huku bili ikipelekwa kwa mtu tusiyemjali.

Msimu wa pili una ujasiri zaidi. Chuck anataka baba yake afufuliwe, na dakika inapokwisha anamhadaa Ned ili mzee asirudi kaburini. Kwa mara ya kwanza Chuck, aliyekuwa akipewa uhai tu, anauchukua mwenyewe, bila ruhusa, bila kuuliza nani atakufa. Nilisisimka. Kisha ikaonekana aliyekufa ni Dwight Dixon, aliyekuwa makaburini hapo hapo na bunduki, tayari kuwaua. Mhalifu tena! Waandishi walifika mlangoni wakaogopa kubisha.

Labda wangebisha baadaye. ABC iliifuta tamthilia baada ya sehemu 13 za msimu huo, na tatu za mwisho zikaonyeshwa katikati ya 2009. Mwisho wenyewe umeshonwa haraka: Chuck anasimama hai mbele ya akina mama wawili waliomlea na kumzika, msimulizi anatuaga, na hakuna anayewauliza yule msimamizi wa mazishi alizikwa na nani.