Mchujo wa Jeni: Jinsi Usugu wa Dawa Ulivyofuatiliwa

Njia ya uhakika ya kujua kazi ya jeni ni kuiharibu, kisha kutazama seli imepungukiwa na nini. Ugumu uko kwenye wingi: binadamu ana takriban jeni 20,000 zinazounda protini, na kuzipima moja baada ya nyingine ni kazi ya miaka mingi. Januari 2014, jarida la Science lilichapisha utafiti wa Ophir Shalem, Neville Sanjana na wenzao katika maabara ya Feng Zhang, Taasisi ya Broad nchini Marekani. Wao walipima jeni 18,080 kwa mkupuo mmoja.

Nyenzo yao ilikuwa CRISPR. Kimeng'enya cha Cas9 hukata DNA mahali kinapopelekwa na kipande kifupi kiitwacho RNA elekezi. Seli huunga mkato huo, lakini mara nyingi hudondosha au huongeza herufi chache, na maagizo ya jeni huvurugika. Watafiti waliandaa RNA elekezi 64,751, tatu hadi nne kwa kila jeni, wakazisafirisha kwa virusi visivyoweza kuzaliana. Virusi vilitiwa kwa kiasi kidogo makusudi, ili karibu kila seli iliyoambukizwa ipate RNA elekezi ya aina moja tu.

Hapo ndipo ulipo ufundi wa mbinu hii. Mfuatano wa RNA hiyo huchomekwa ndani ya DNA ya seli na kubaki humo. Kinachoharibu jeni ndicho kinachokuwa alama ya seli, hata seli zote zikichanganywa pamoja.

Seli zilizotumika, A375, zilitokana na melanoma, saratani ya ngozi, na zina badiliko la V600E katika jeni ya BRAF. Dawa ya vemurafenib huizuia protini ya BRAF iliyobadilika, na ukuaji wa seli hukwama, isipokuwa seli iwe na usugu dhidi ya dawa hiyo. Baada ya siku 14 za dawa, alama za seli zilizostahimili zilisomwa, zikahesabiwa na kulinganishwa na za seli zisizopewa dawa.

Alama zilizoongezeka zilikuwa za NF1 na MED12, zilizokwisha kuhusishwa na usugu, pamoja na NF2, CUL3, TADA1 na TADA2B, zilizokuwa ngeni katika suala hilo. Protini ya NF1 huidhibiti RAS, protini inayopitisha ishara ya kukua; NF1 ikikosekana, ishara hiyo huendelea kupita licha ya dawa. Hata pasipo dawa, alama za jeni za ribosomu, mitambo ya seli ya kutengeneza protini, zilipungua, kwa kuwa seli iliyozipoteza hushindwa kuishi.

RNA elekezi moja huweza kukata pasipokusudiwa, na seli moja huweza kustawi kwa bahati. Kwa hiyo jeni ilipewa uzito pale RNA zake kadhaa zilipotoa jibu lilelile, kisha ikaharibiwa peke yake katika seli mpya ili kuthibitisha kwamba usugu unatokana nayo.