Usiku Mmoja Juu ya Godoro la Sufi

Nimeamka mgongo mkavu! Aliyewahi kulala Tanga wakati wa kaskazi, dirisha wazi na feni imekatikiwa umeme, anajua uzito wa maneno hayo. Miaka 11 nimelalia sponji, na kila alfajiri naamka shuka imenigandia. Leo nimeamka mkavu kama nimelala ufukweni kwenye upepo. Chai bado ya moto, kitanda sijakitandika, nami nimeshaketi kuandika, maana habari ya godoro hili haisubiri wiki ya pili.

Ni godoro la sufi. Futi 4 kwa 6, unene inchi 6, kilo 15 za sufi tupu, limeshonwa kwa mkono na fundi wa huku Ngamiani. Limefika jana alasiri juu ya guta, na jirani wawili walisimama kulibonyeza kabla halijaingia mlangoni.

Kwa asiyeijua, sufi hutoka kwenye msufi, mti ule mrefu ambao matawi yake hutanda pande zote kwa ngazi ngazi, hupukutisha majani kiangazi na kuacha matunda yakining'inia. Tunda likikauka hupasuka, na ndani mna nyuzi za rangi ya maziwa zenye mng'aro wa hariri. Usiichanganye na sufu ya kondoo. Hii ni ya mti. Na maajabu yake yamo ndani ya uzi wenyewe: kila uzi ni mrija mwembamba uliojaa hewa, na ganda lake lina nta inayofukuza maji. Haisokoteki vizuri kuwa uzi wa kitambaa, maana ni fupi na inateleza, lakini kwa kujaza haina mfano. Kabla ya sponji za kisasa kushika soko, jaketi za kuokolea watu baharini zilijazwa sufi. Hebu fikiri: kilichowafanya mabaharia waelee ndicho kilichonibeba jana usiku!

Niliichagua sufi yangu mwenyewe, na hapa ndipo nawaomba msikilize, kwani godoro zuri huanzia kwenye gunia. Fundi alinifungulia magunia mawili akaniambia, "Shika, dada, usinunue kwa macho." Nikajaza kiganja, nikafumba ngumi kwa nguvu, nikaachia. Sufi ya gunia la kwanza ilibaki kitonge. Ya gunia la pili ilifumuka palepale, ikajaa kiganja upya! Kisha nikaipekecha kutafuta mbegu, zile nyeusi ndogo mfano wa pilipili manga, kwa sababu mbegu zikibaki nyingi utazilipia kwa kilo na mbavu zitazihisi usiku. Nikainusa: iliyowahi kulowa hunuka uvundo hata ikikaushwa. Mwisho nikaomba ndoo ya maji, nikatupia vitonge viwili, kimoja cha sufi na kimoja cha pamba. Cha pamba kilikunywa maji kikazama. Cha sufi kilikaa juu ya maji muda wote tuliokuwa tukizungumza. Ukichanganyiwa mabaki ya pamba, jaribio hilo laweza kukuonyesha.

Kitambaa nacho! Ni kile kizito cha mistari, kimefumwa kwa kubana, kwa sababu nyuzi za sufi ni laini mno na hupenya kwenye kitambaa hafifu mpaka chumba kizima kikajaa vumbi jeupe. Fundi alijifunga kitambaa puani, akaichambua sufi kwa fimbo mpaka ikavimba kama povu la sabuni, akashindilia kona kwanza ndipo katikati. Halafu akachukua shazia, ile sindano ndefu nene, akapitisha uzi kutoka juu hadi chini na kufunga kifundo kila baada ya shubiri moja. Vifundo hivyo ndivyo vinavyozuia sufi isikimbilie pembeni. Ukienda kununua, vihesabu. Godoro lenye vifundo vichache litakuwa na mabonde kabla mwaka haujaisha.

Sasa usiku wenyewe. Ukikaa mara ya kwanza linashuka polepole, kwa sauti ndogo ya majani makavu, halafu linasimama. Halikurushi. Ukilala, mwili unajichorea nafasi yake, na baada ya saa moja hivi sufi imeshikana chini ya nyonga na kukubeba imara. Nilifanya kipimo ninachokifanya kwa kila godoro: nililala chali nikapenyeza mkono chini ya kiuno. Mkono ukipita na kubakiwa na uwazi, godoro ni gumu mno kwako. Ukikataa kabisa kupita, nyonga imezama. Wangu ulipita ukigusa juu na chini. Sawasawa kabisa!

Na joto? Kila siku saa 8 usiku naamka kugeuza mto nitafute upande wenye ubaridi. Jana nilichosikia baada ya kufumba macho ni adhana ya alfajiri. Sponji hushika joto la mwili na kulirudisha kwako. Sufi ina hewa ndani ya nyuzi na baina ya nyuzi, na chaga za kitanda zikiachana kidogo, upepo unapita chini pia. Pwani hii tunajenga nyumba zenye madirisha mawili yanayotazamana ili hewa ipite, kisha tunalalia kitu kinachoizuia! Kwangu, hewa sasa ndiyo sifa ya kwanza ya godoro, kabla ya unene na kabla ya urembo wa kitambaa.

Siidharau sponji. Asili yake ni ugunduzi wa Otto Bayer na wenzake huko Ujerumani mwaka 1937, na imewapa mamilioni ya watu pa kulala. Kama ndiyo unayoitaka, usiulize inchi peke yake. Uliza msongamano, yaani kilo ngapi kwa mita moja ya ujazo. Sponji nyepesi ya inchi 10 itabonyea mapema kuliko nzito ya inchi 6. Na godoro lolote, hata la springi, lilalie dukani dakika 10 kwa ubavu unaoulalia nyumbani.

Sufi inadai huduma, nanyi mjue kabla ya kulipa. Ianikwe juani mara kwa mara, igeuzwe, ipigwe fimbo ivimbe. Baada ya miaka kadhaa godoro hufumuliwa na sufi kuchambuliwa upya, na hilo ni jambo la kufurahia, maana sponji ikifa ni ya kutupa. Godoro zima halifuliwi. Livalishe foronya kubwa yenye zipu. Kitanda cha mtoto anayekojoa kinahitaji mpira juu, kwani godoro likilowa hadi ndani hukauka kwa shida. Mwenye pumu ashauriane kwanza na daktari wake juu ya vumbi. Na la mwisho nalisema kwa msisitizo: sufi hushika moto upesi mno. Mshumaa, kibatari, sigara na dawa ya mbu ya kuwasha vikae mbali na kitanda, kila usiku, bila kusahau.

Asubuhi hii mama aliingia chumbani kuniletea chai. Yeye alikulia juu ya sufi, na kwa miaka sasa analalia sponji yenye shimo katikati, akiamka huku kashika kiuno. Alikaa ukingoni, akapitisha kiganja kwenye mistari, akajinyoosha na kufumba macho. "Mwanangu," akasema, "hili ndilo godoro." Chai yake akaisahau mezani.

Hukumu yangu ya usiku mmoja ni hii: kwa joto la pwani, kwa mgongo uliochoka, kwa mtu asiyechoka kuanika godoro lake, sijalalia kitu bora kuliko hiki. Mtafute fundi wa sufi mtaani kwako, nenda na ndoo ya maji, jaza kiganja, fumba ngumi. La mama nimeshaliagiza, kilo 15, vifundo kila shubiri moja.