Theluji katika Soko la Rumonge

Miongoni mwa insha ambazo walimu wa Kiswahili hupenda kutoa mwisho wa mwaka, ipo moja isiyochakaa: matembezi yangu ya sokoni siku za sikukuu. Nilipata kusoma mkusanyo wa insha hizo, kazi ya wanafunzi wa mwambao wa Rumonge, nchini Burundi. Katika tatu kati yake theluji ilianguka. Wauzaji walivaa makoti mazito, wapita njia walipasha mikono joto kwa vinywaji vya moto, na taa za rangi zikametameta juu ya mapaa meupe. Sarufi ilikuwa safi, na mwalimu alitoa alama nyingi. Naona alama hizo zilipewa kisichostahili.

Theluji hiyo haikutoka mbinguni. Ilitoka vitabuni, hasa vile vya Kifaransa. Kwao picha hiyo haina kosa. Mjini Strasbourg, Ufaransa, soko la Krismasi lipo tangu mwaka 1570. Huko mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na baridi huuma. Ndiyo maana taa ni nyingi na vinywaji ni vya moto. Kila kitu kina sababu yake. Mwanafunzi wetu aliyachukua matokeo, sababu akaziacha Ulaya.

Je, Rumonge haina sababu zake? Desemba hapa ni mwezi wa mvua. Anayekwenda kwa miguu hupita baina ya matope na madumu ya mawese, kwa kuwa nchi hii ni ya michikichi; kisha hufika kwenye mafungu ya ndagala. Akiuliza bei tu, ataandika orodha. Akiuliza kwa nini bei imepanda, ataanza kuandika insha. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika huwavuta ndagala usiku kwa taa, na mbalamwezi huiharibu kazi hiyo. Basi Idi-el-Fitri, ambayo huja na mwezi mwandamo, daima hutanguliwa na usiku wa giza, usiku mwema kwa mvuvi. Krismasi haina ahadi hiyo: tarehe yake haibadiliki, na mwezi waweza kuwa mpevu. Tena mvua huwazuia ndagala kukauka mchangani. Sikukuu mbili katika soko moja, na mwezi ule ule huigawia kila moja fungu lake! Sijaona kitabu cha darasani kilichompa mwanafunzi jambo zuri kama hilo, nalo liko hatua chache kutoka mlangoni pake.

Kosa si la mtoto peke yake. Katika insha moja isiyokuwa na theluji, neno “ndagala” lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, na juu yake pameandikwa “dagaa”. Nakiri kwamba mimi nami nimekata maneno ya namna hiyo. Twajua kwamba Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na kwamba mtihani una masharti yake. Lakini msomaji wa Unguja akisikia dagaa huwaza samaki wa baharini. Mwanafunzi angeweza kufundishwa kuandika “ndagala, yaani dagaa wa Tanganyika”, naye angelihifadhi neno lake bila kumpoteza msomaji wa mbali. Ndivyo ilivyo kwa mukeke, ambaye Kigoma humwita mgebuka.

Wino ule mwekundu hufundisha jambo tusilokusudia. Kiswahili kilifika mwambao huu kwa biashara, katika karne ya 19, kupitia Ujiji. Hata leo wako wanaokidharau na kukiita lugha ya sokoni tu. Mtoto anayeona neno la soko lake limekatwa huamini kwamba soko lenyewe halistahili karatasi. Hapo ndipo anapokwenda kuazima theluji.

Huenda mwenzangu akapinga: je, tumkataze mtoto kuwaza asichokiona? La, hasha. Aandike hadithi ya theluji akitaka, nayo ipimwe kama hadithi. Lakini mada ilisema “matembezi yangu”, na neno “yangu” lina deni lake.

Yafaa basi, kabla ya kutoa mada hii tena, mwalimu atoke na darasa lake kwa miguu hadi sokoni na ufukweni. Kila mwanafunzi arudi na majibu matatu: kitu kinaitwaje hapa, kinauzwa kiasi gani, na kwa nini leo si kama jana. Jibu la tatu ndilo litakalozaa insha. Naye mwalimu, akikutana na neno asilolijua, aulize kwanza, ndipo ashike kalamu nyekundu.