Silaha Isiyowekwa Chini: Maji ya Kinjeketile na Wajibu wa Aliyeyatoa

Masimulizi ya mataifa mengi yana silaha iliyolaaniwa: upanga au mkuki umpao nguvu yule aushikaye, kisha ukamkatalia asiuweke chini. Hata michezo ya kubuni inayochezwa mezani na vijana, kama Dungeons & Dragons uliotolewa Marekani mwaka 1974, ina panga za namna hiyo. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali. Silaha hiyo imo katika tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, ila haikufuliwa kwa chuma. Ni maji. Makala haya yanakusudia kuuliza swali moja tu: laana ya maji yale ilikuwa wapi?

Jibu jepesi, ambalo wanafunzi wetu hulitoa kabla ya kumaliza kusoma, ni kwamba maji yalikuwa uongo, na risasi haigeuki maji. Jibu hilo ni kweli, lakini halitoshi. Kama uongo ungekuwa ndiyo laana yote, tamthilia ingekwisha pale risasi ya kwanza ilipomwangusha mpiganaji wa kwanza. Hussein ameichimba laana hiyo kwa kina zaidi.

Tukumbuke mwendo wa mchezo. Mwanzoni twawasikia wanawake wakizungumzia upungufu wa chakula, huku waume wao wakilimishwa shamba la mgeni kwa nguvu. Watu wana hasira, lakini kila kabila linamtazama jirani yake kwa shaka. Ndipo Kinjeketile anapoingia mtoni, akakaa humo muda ambao mtu hawezi kukaa, akatoka na neno la Hongo na maji ya vita. Kwa maji hayo, waliokuwa maadui jana wanakuwa ndugu leo. Hapa yatupasa tuwe waaminifu: silaha ile ilifanya kazi. Iliwapa watu kitu ambacho hotuba za mwaka mzima zisingewapa, yaani umoja. Silaha iliyolaaniwa huanza hivyo sikuzote. Isingekuwa na faida, hakuna ambaye angeipokea.

Mashaka yanaanza ndani ya Kinjeketile mwenyewe. Anatambua kwamba katika neno alilolitoa mlikuwa na ahadi ya kuwa watoto wa Seyyid Said, yaani kumwondoa bwana mmoja na kumpokea mwingine. Tangu hapo anataka kuchelewesha vita, watu wafunzwe, umoja ukomae. Lakini watu hawamngoji. Wamekwisha kuyaamini maji kuliko mtu aliyeyaleta. Hapa ndipo, kwa maoni yetu, laana ilipo. Aliyetoa silaha hana tena mamlaka juu yake. Akisema maji ni ya kweli, anawapeleka watu mbele ya bunduki. Akisema si ya kweli, anauvunja umoja ambao maji yaliujenga. Neno limemtoka, nalo halirudi.

Kuna jambo moja la ufundi ambalo wahakiki wetu hawana budi kulipima. Kinjeketile Ngwale wa historia, yule wa Ngarambe, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza Umatumbi mwishoni mwa Julai. Wapiganaji walipoivamia boma ya Mahenge tarehe 30 Agosti na kupigwa kwa bunduki za rashasha, yeye alikuwa amekwisha kufa. Hussein amemwacha hai mpaka aone kushindwa kwa watu wake. Mwandishi mwenyewe alikiri kwamba mtu wake ni wa kubuni na si nakala ya yule wa historia. Wako wanaoweza kuiita hiyo dosari. Sisi twaona kuwa ndiyo nguvu ya tamthilia. Historia ilimhurumia Kinjeketile asiyaone matokeo, bali mwandishi hakumhurumia, kwa kuwa mtoaji wa silaha lazima awekwe mbele ya maiti, kisha aulizwe.

Naye anaulizwa. Yu kifungoni, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Wasomaji wengi hulipokea kataao hilo kwa furaha, kama ushindi wa shujaa: akikana leo, vizazi vijavyo vitaambiwa kwamba waliopigania haki yao walikuwa wapumbavu. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuidharau. Mwenye kumtaka akiri ni adui, na ungamo linalotolewa ili kumfurahisha adui si ungamo. Hata hivyo twauliza: je, hapakuwa na saa nyingine, kabla ya kifungo, ya kuwaambia watu wake mwenyewe? Ukweli ambao haukusemwa kwa ndugu kwa wakati wake, hauna tena mahali pa kusemwa mbele ya adui.

Hapa twaona pia upungufu wa tamthilia. Wale wanawake waliofungua mchezo kwa habari ya njaa hawapewi neno la mwisho. Hukumu imebaki kwa wanaume waliofungwa. Lakini vita vya Maji Maji vilipokwisha mwaka 1907, laana ilikuwa imeangukia vyungu vya hao wanawake. Watawala wa Kijerumani walichoma mashamba na maghala, na wengi zaidi walikufa kwa njaa kuliko kwa risasi. Wajerumani walikadiria watu 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamefikia 250,000 hadi 300,000. Tamthilia iliyoanza na chungu kitupu ingestahili kurudi kwenye chungu hicho.

Sisi wa Singida tunalo simulizi letu la kulinganisha. Husimuliwa kwamba mwanzoni mwa karne ya 20, Liti, mwanamke wa Kinyaturu, aliwapiga Wajerumani kwa nyuki. Jina lake limepewa uwanja wa michezo mjini Singida. Mfugaji wa nyuki wa mkoa huu aweza kueleza tofauti ya silaha hizi mbili. Anayefungua mzinga anajua kwamba nyuki atamuuma mgeni, na atamuuma mwenye mzinga pia. Kwa hiyo hufanya kazi yake kwa hadhari. Maji ya Kinjeketile hayakuwa na mwiba wa kumwonya mchukuzi wake. Yalionekana salama mkononi, na kwa sababu hiyo yalikuwa ya hatari zaidi.

Maandiko nayo yanaijua silaha ya namna hii. Israeli walilibeba sanduku la agano vitani kama dawa, wakaanguka askari 30,000 siku ile (1 Sam. 4). Nyoka wa shaba aliyewaponya watu jangwani aligeuka kuwa kitu cha kufukiziwa uvumba, na Hezekia akamvunja (2 Fal. 18). Tendo la Hezekia ndilo lililomshinda Kinjeketile. Alikivunja kitu kilichokuwa na asili njema, ambacho watu walikipenda, tena wakati wa amani, wala si kwa amri ya adui.

Jambo hili si la mwaka 1905 peke yake. Tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa uwanjani Moshi wakisongamana kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Walikwenda kwa sababu ya taabu zilizo za kweli, kama Wamatumbi walivyokuwa na njaa ya kweli. Mtumishi awapaye watu kitu cha kushika mkononi na ajiulize kwanza: je, nitaweza kuwaambia wakiweke chini? Kama hawezi, asiwape.

Kwa hiyo twashauri Kinjeketile isomwe katika madarasa ya mahubiri, na si katika fasihi peke yake. Kinjeketile hakuwa tapeli. Alikuwa mtu mwema aliyewapenda watu wake, akaogopa kuwapokonya tumaini alilowapa. Sisi tunaosimama mimbarani tuna woga uleule.